Nunua Bodi, Usinunue Injini

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi na hata mtihanini ikanipa maksi, lakini uzito wake niliujua likizo ya Aprili, siku nilipofunga kamba kwenye tuktuk mbovu na kuivuta katika mchanga wa Galbet, jua la saa saba likiwa utosini. Ndugu msomaji, usinicheke. Kabla hujafika mwisho wa makala haya utaona kwamba kamba ile, pamoja na mizani tuliyoazima kwa muuza nyama, ilituokoa tusizitupe pesa za mama yangu.

Mama huuza maziwa ya ngamia katika Soko Mugdi. Alfajiri huyafuata upande wa Modika, ambako wafugaji huyatoa vichakani, kisha huyafikisha sokoni kabla jua halijawa kali. Jioni hurudisha madumu matupu na kuwapelekea watu pesa zao. Safari zote hizo huzifanya kwa tuktuk ya kukodi. Mnamo Oktoba 2023 lita moja ya petroli ilipita shilingi 217 huko Nairobi, na sisi tulio umbali wa kilomita 370 hivi huongezewa gharama ya kuyasafirisha mafuta. Mwezi uliofuata, mafuriko ya El Niño yakaikata barabara ya Nairobi ng'ambo ya daraja la Tana. Wenye tuktuk wakapandisha nauli, na wengine wakakataa kabisa njia za mchanga. Asubuhi moja Mama aliketi kando ya madumu sita akingoja usafiri hadi maziwa yakachachuka. Aliyauza kwa hasara, akarudi nyumbani bila kusema neno.

Ndipo abti, yaani mjomba wangu, alipokuja na wazo. Alimwambia Mama, "Walaal, zamu yako ya ayuuto inakaribia. Tununue gari kuukuu, tung'oe injini, tutie mota ya stima. Jua la hapa haliuzwi."

Kwa wale wasiojua, ayuuto ni mchango wa akina mama wa kupeana pesa kwa zamu. Zamu ya Mama huja mara moja kwa mwaka. Ukiitumia vibaya, mwaka mzima unabaki kulamba midomo.

Wazo la Abti halikuwa ndoto ya mchana. Hapa Kenya kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa 2017 na kubadilisha jina kuwa Roam mwaka wa 2022, ilianza kazi yake kwa kuyageuza magari makubwa ya porini yaliyokuwa yakitumia mafuta yakawa ya umeme. Baadhi yake yalipelekwa Maasai Mara kubeba watalii. Nasi wa Garissa tuna la kujivunia pia: kule Raya, nje kidogo ya mji, kuna kituo cha umeme wa jua cha megawati zaidi ya 50 kilichozinduliwa Desemba 2019. Ni ajabu kidogo kwamba jua letu linaingia katika gridi ya taifa, ilhali maziwa yetu yanabebwa kwa petroli inayotoka mbali.

Basi swali likawa moja tu: tununue gari gani?

Abti tayari alikuwa ameliona. Lilikuwa Land Cruiser kuukuu, injini imekufa, linauzwa kwa bei ya kutupa. "Hilo ndilo gari la jangwani!" akasema, na macho yake yaling'aa kama ya mtoto siku ya Idi. Siku iliyofuata tuliandamana na fundi mmoja wa jua kali kwenda kulitazama. Fundi alilizunguka mara mbili, akachungulia chini, akapiga chesisi kwa spana. Kisha akasema, "Mzee, gari ni zima. Lakini hapa utanunua chuma, halafu ununue betri za kukibeba hicho chuma. Maziwa yatabebwa na nini?"

Abti hakupendezwa. Mimi ndiye niliyetaka kujua zaidi, na niliyoyajua ndiyo ninayowaletea leo.

Kwa nini uzito ni adui

Lita moja ya petroli ina nguvu nyingi mno: kama yuniti 9 za stima, zile tunazonunua kwa tokeni. Injini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hizo kwa joto na moshi, lakini kwa kuwa mafuta ni mepesi kuyabeba, dereva hajali. Akiishiwa anaongeza. Betri si hivyo. Betri za lithiamu za aina ya chuma na fosfati, ambazo huvumilia joto kuliko lithiamu za aina nyingine, zina uzito wa kilo 10 hivi kwa kila yuniti moja. Kwa hiyo gari likiwa zito, linataka betri nyingi. Betri zikiwa nyingi, gari linazidi kuwa zito. Na likizidi kuwa zito linataka betri nyingine tena. Ni kama mtu aliyeenda mtoni na mtungi mkubwa kupita kiasi. Uzito wa mtungi unamtia kiu, anakunywa njiani, na akifika nyumbani watoto hawana maji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mota ya umeme, kwa upande wake, haina ubadhirifu mkubwa. Sehemu kubwa ya stima unayoipa huigeuza mwendo, na gari likisimama nayo husimama, haingurumi bure. Kwa hiyo gari jepesi la kusimamasimama mjini ndilo linaloufaidi umeme kuliko yote.

Hebu tazama uzito wa vyombo tunavyoviona kila siku bila mzigo. Pikipiki ya bodaboda ni kilo 120 hivi. Tuktuk ni kati ya kilo 350 na 400. Suzuki Alto ya zamani ni kama kilo 700, na Toyota Starlet ya miaka ya 1990 ni kati ya 750 na 850. Probox, mpenzi wa wasafirishaji wa miraa, hufika tani moja na kidogo. Land Cruiser la Abti ni tani 2 hivi. Tofauti hiyo si mchezo.

Najua kuna atakayeuliza: mbona magari ya watalii ni hayo hayo mazito na yanakwenda? Jibu ni kwamba yale huenda polepole, hurudi kambini kila siku kuchajiwa, na mwenyewe ana pesa za betri kubwa. Tena mtalii hulipa apate utulivu, asiwafukuze wanyama kwa kelele. Ngamia wetu hawajali kelele, na mteja wa maziwa halipii utulivu.

Mama aliponisahihisha

Nilikaa chini na kalamu. Safari za Mama kwa siku ni kilomita 48. Nikakumbuka somo la fizikia: kazi ni kani mara umbali. Nikachukua kani ya kuvuta tuktuk yenye mzigo kwenye lami, nikazidisha, nikaongeza hasara za mota na kusimamasimama, nikapata yuniti 3 kwa siku. Nilifurahi kweli kweli. Nikamsomea Mama mahesabu yangu kwa sauti ya mwalimu.

Mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na mchanga umeuhesabu?"

Doh! Sikuwa nimeuhesabu. Njia yake ni lami kilomita 40, lakini kilomita 8 ni mchanga mtupu. Hapo ndipo fundi alipotuonyesha ujanja wa mizani. Aliazima ile mizani ya kuning'iniza nyama, akaifunga katikati ya kamba, upande mmoja tuktuk aliyokuwa nayo karakana kwake, injini ikiwa imeshatolewa, na upande mwingine sisi. Unavuta polepole bila kushtua, mwendo ukiwa sawa, na mwenzako anasoma mshale. Kila kilo ya mizani ni kama nyutoni 10.

Kwenye lami mshale ulisimama kwenye kilo 7. Hata ndugu yangu mdogo aliivuta peke yake. Kwenye mchanga mshale uliruka hadi 42, na watatu tulitoka jasho. Mara sita! Nami nikaelewa kwa nini punda wa mkokoteni huhema akiacha lami.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Tuktuk ikiwa na dereva, Mama, madumu sita na betri zake, uzito wake huwa mara mbili ya ile tuliyoivuta. Kani nayo huwa mara mbili: nyutoni 140 kwenye lami na 840 mchangani. Yuniti moja ya stima ni jouli milioni 3.6.

Lami: kilomita 40 mara nyutoni 140 ni jouli milioni 5.6, yaani yuniti moja na nusu.

Mchanga: kilomita 8 mara nyutoni 840 ni jouli milioni 6.7, yaani karibu yuniti mbili.

Umeona maajabu? Kilomita 8 za mchanga hula kuliko kilomita 40 za lami. Ukijumlisha na hasara za mota na kusimamasimama, Mama anahitaji yuniti 5 na ushei kwa siku. Ukiweka akiba ya theluthi ili betri isikaushwe, unapata betri ya yuniti 7, kilo 70 hivi. Ningeyafuata mahesabu yangu ya kwanza, Mama angekwama mchangani na maziwa yake kabla ya saa nne. Land Cruiser, hata kama matairi yake mapana yanamsaidia mchangani, lingetaka betri mara tatu na zaidi ya hiyo ili kubeba madumu yale yale sita.

Na betri ndiyo pesa. Bodi ni bei rahisi, mota si haba, lakini betri ndiyo inayoimeza zamu ya ayuuto.

Mambo ya kuangalia unaponunua

Kwanza, ijue safari yako kabla hujalijua gari. Kilomita ngapi kwa siku, mchanga kiasi gani, mzigo kilo ngapi? Asiyejua hayo atachaguliwa gari na muuzaji.

Pili, nunua bodi, usinunue injini. Gari ambalo injini imekufa ndilo lako, kwa sababu bei yake imeshuka kwa ubovu wa kitu ambacho wewe unakwenda kukitupa. Wengine hununua gari zima linalonguruma vizuri, kisha wanang'oa kile walicholipia. Zikague chesisi, breki, beringi, shokamzoba na usukani, maana hivyo vyote vitabaki. Ogopa kutu. Garissa ni kukavu na bodi zetu hudumu, lakini gari lililokaa miaka mingi pwani huliwa na chumvi kutoka chini, na rangi mpya huficha mengi.

Tatu, epuka gari lenye vitu vingi vinavyoitegemea injini. Gia za kujiendesha zenyewe ni taabu, kwa sababu pampu yake ya oili hutaka injini inayozunguka hata gari likiwa limesimama. Gia za mkono ndizo rahisi. Usukani uliolainishwa kwa pampu, breki zinazosaidiwa na mvuto wa hewa wa injini, na kipoza hewa, vyote hivyo injini ikitoka hubaki yatima, na kila kimoja kitataka mota au pampu yake mwenyewe. Vigari vidogo vya zamani, ambavyo tunavidharau kwa kukosa anasa, hapa ndipo vinapofua dafu.

Nne, soma uzito ambao chombo kimeruhusiwa kubeba. Toa uzito wa injini na tangi, ongeza mota na betri, kisha uone nafasi ya mzigo iliyosalia. Hapa ndipo betri za risasi, zile za kawaida za gari, huwadanganya watu kwa bei yake ndogo. Ili kupata yuniti 7 za kutumia utahitaji zaidi ya kilo 400 za risasi, maana zikikaushwa kupita nusu hufa mapema. Hizo ni nzito kuliko tuktuk yenyewe!

Tano, joto na maji. Betri usiiweke chini ya bati linalochomwa na jua, na ikitoka kazini iache ipoe kwanza. Kuchaji usiku ni bora. Tangu 2023 kuna hata ada maalum ya stima ya kuchaji vyombo vya umeme, ambayo kabla ya kodi iliwekwa shilingi 16 kwa yuniti na 8 tu saa ambazo matumizi ya umeme ni madogo. Ada hiyo ina masharti yake, kwa hiyo uliza kwanza. Na kwa kuwa Tana hufurika, betri na kisanduku cha kudhibiti mota viwekwe juu, si sakafuni.

Sita, karatasi na usalama. Jina katika logibuku liwe la anayekuuzia. Ukibadilisha injini ni lazima mabadiliko hayo yaandikishwe na chombo kikaguliwe na NTSA, la sivyo unajitafutia kesi. Na stima ya betri si tochi. Kuanzia volti 60 inaweza kuua, na gari dogo linaweza kuhitaji mara mbili ya hizo. Kazi ya kuunganisha ifanywe na anayeijua, kuwe na fyuzi kubwa na swichi ya kukata umeme wote mara moja. Usijaribu kwa kuwa umesoma makala ya mwanafunzi.

Je, kuna faida?

Chukua mfano. Tuktuk ya petroli ikienda kilomita 20 kwa lita katika njia kama ya Mama, kilomita 48 ni lita 2.4. Kwa shilingi 180 kwa lita, hiyo ni shilingi 432. Ya umeme itachota ukutani yuniti 6 hivi pamoja na zinazopotea katika kuchaji. Hata kwa shilingi 30 kwa yuniti, ni 180. Mama anabaki na shilingi 250 na ushei kila siku ya kazi. Pesa hizo ndizo zitakazoilipa betri, na betri ikiwa ndogo, deni linakwisha upesi. Kwa betri ya Land Cruiser tungelipa mpaka ndugu yangu mdogo aoe.

Mahesabu hayo niliyaandika upya kwenye karatasi ya daftari, Mama akampa Abti. Abti aliisoma kimya, akaikunja, akaitia mfukoni. Jioni alipita peke yake kwenda kulitazama lile Land Cruiser mara ya mwisho. Namwelewa. Hata mimi ningependa kuonekana ndani yake.

Zamu ilipofika tulinunua ile tuktuk ya fundi, ile ile niliyoivuta. Pesa zilizobaki zilitosha mota na kisanduku chake. Betri bado, inangoja zamu ijayo au ngamia mmoja aende mnadani, na hilo la ngamia Mama halitaki kulisikia. Kwa sasa tuktuk imeegeshwa chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, na mbuzi wamegundua kwamba kiti cha nyuma ni kizuri. Kila asubuhi Mama huwafukuza, hupangusa kiti, kisha hutoka kwenda kukodi tuktuk ya petroli.

Wenzangu wa Chama cha Kiswahili, nanyi walimu wetu, kama nyumbani kwenu kuna mtu anayelitamani gari la kugeuza, msimwambie aache. Mwazimieni mizani. Nami mwakani, Mungu akipenda, nitawaandikia kama betri imefika, na mchanga umesema nini.